Walisema Wanaomba

Mtu akisema mbele yangu "mwache, anaomba," mpaka leo mkono unaniwasha. Heri niseme mapema tusije tukadanganyana: mimi nina hasira za karibu. Mama ameniombea juu ya hiyo hasira tangu nikiwa darasa la nne, na kama maombi yangenishika, saa hii ningekuwa malaika. Kwa hivyo ukinisikia nafoka, nivumilie. Nina sababu, na sababu yenyewe ilianza na samaki saba kwenye tangi la kioo.

Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko upande wa Molo, karibu miaka thelathini. Sufuria za kuingia mtu mzima, kuni mbichi, jikoni dirisha moja dogo juu kabisa kama la korokoro. Watoto wa watu wakala githeri, yeye akala moshi. Alipostaafu, mapafu yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Daktari alituambia wazi kwamba yamechakaa na hayatarudi yalivyokuwa, tutunze tu yaliyobaki. Akae wima. Moshi usimkaribie. Watu wasimjazie chumba. Dirisha liwe wazi, hata kukiwa na baridi, avikwe tu vizuri.

Nikamleta kwangu Free Area, hapa Nakuru, maana baridi ya Molo ilikuwa inammaliza. Nikamwekea kiti chake karibu na dirisha, akawa anaangalia barabara na kuniuliza nani ni nani. Mimi ananiita Mami. Nimebeba jina la mamake mzazi, na kwetu mtoto aliyebeba jina la nyanya huheshimiwa kama nyanya mwenyewe. Nina miaka arobaini na ushei, nina nywele za mvi, na mama yangu ananiita Mami. Akitaka kunigombeza hucheka kwanza, kwa sababu haiwezekani kumgombeza mama yako.

Hao samaki alijitakia mwenyewe. Kliniki tuliyokuwa tunaenda ilikuwa na tangi pale watu wanaposubiri, na kila tukienda alikuwa anakaa mbele yake. Siku moja akanishika mkono akaniambia, "Mami, angalia vile wanapumua. Polepole. Nikiwaangalia na mimi napumua polepole." Nilishangaa, maana upande wa kwao samaki hata hawaliwi. Marehemu nyanya alikuwa anawaita nyoka wa majini. Jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye kwao ni Kisumu, alipokuja kuwaona alizunguka tangi mara mbili akauliza, "Sasa hawa mnawala lini?" Mama alicheka mpaka akakohoa. "Hawa ni wageni," akamwambia, "si mboga."

Nilinunua kwa jamaa mmoja wa mjini, nyuma ya soko, ana kibanda kidogo kimejaa matangi. Ana ndevu mpaka kifuani na bado aliniita mathe, yaani mama, jambo ambalo sijamsamehe. Lakini kazi yake anaijua. Kabla hajaniruhusu kubeba samaki alinisimamisha pale kama mtoto wa shule.

"Mathe, sikia. Ukiwaona wote wamekuja juu wanafungua mdomo, usiwape chakula. Hiyo si njaa. Hewa imewaishia."

"Hewa gani na wanaishi ndani ya maji?"

"Na wewe si unaishi ndani ya nyumba? Nikifunga mlango na madirisha, nikujazie watu na jiko la makaa, utaishi?"

Akanieleza kwa subira. Samaki anavuta hewa iliyomo ndani ya maji, anaivuta kwa matamvua yale ya shavuni. Hiyo hewa inaingilia juu, pale maji yanapokutana na upepo. Ikipungua chini, kinachobaki ni kale kangozi kembamba ka juu, na samaki wote wanapanda hapo kugombania. Wakiwa wengi, inaisha. Maji yakipata joto, yanashika hewa kidogo. Ukiwalisha kupita kiasi, makombo yanaoza na kule kuoza kunakula hewa. Ukifunika tangi, ndio umewamaliza. Ile pampu na mapovu yake kazi yake ni kutikisa maji juu yasilale. Maji ya mfereji yakae ndooni siku nzima kwanza, dawa iishe, la sivyo inawachoma matamvua. "Na stima ikipotea," akasema, "chota maji na kikombe, yamwage humo humo kutoka juu, chota tena, mwaga. Unawaingizia hewa kwa mkono."

Niliyashika yote. Hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Nilijua.

Sasa kina mama wa kanisa. Sitaki mtu aseme nawachukia. Walikuwa wanakuja kila Jumamosi kumwombea mama, wengine kutoka Njoro kabisa, na hakuna aliyewalipia nauli. Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilingoja huyo mwenyeji apone nikachoka.

Walianza na kitambaa. Unajua nyumba zetu. Kitu kisipofunikwa kitambaa ni kama kimefiwa na wazazi: kochi lina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata chupa ya chai imevaa. Mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mpana mwenye sauti ya kujaza uwanja, alitazama lile tangi likiwa wazi juu akalihurumia. Wiki iliyofuata akaja na kitambaa alichokisuka mwenyewe kwa uzi mzito mweupe, kimekazwa, kina shada pembeni, saizi sawasawa. "Vumbi ya Nakuru hii itaua hizi samaki," akasema, akakitandaza. Nilimshukuru. Alipoondoka nikakitoa. Jumamosi nyingine akakikuta kimekunjwa kwenye meza, akakirudisha bila kuniuliza.

Halafu chakula. Mgeni akiingia, samaki akimsogelea, mgeni anamega mandazi. Nikisema wasipewe, naonekana mchoyo, tena mchoyo kwa samaki. Kisha simu. Chumba kile kina soketi moja tu ya maana, na ekstensheni yake ina matundu mawili, moja la televisheni na moja la pampu. "Naomba nichaji kidogo tu, iko karibu kuzima." Nani anakataa? Na kwa kuwa hakuna anayethubutu kugusa televisheni ya mwenyewe, kinachochomolewa ni ule waya mwembamba wa pampu ambao wanauona ni urembo.

Basi tangi limefunikwa, lina mandazi chini, pampu imezimwa, na hao samaki wanapanda juu wote saba wanafungua na kufunga mdomo. Na kina mama wangu wanapiga makofi!

"Ona! Wanaomba! Hata samaki wanaomba!"

Mmoja alimaanisha wanaomba chakula, akamega mandazi tena. Mwenyekiti alimaanisha wanamwomba Mungu, akasema amina. Neno ni lilo hilo. Lugha yetu imempa neno moja anayenyoosha mkono stendi na anayepiga magoti kanisani, na sasa wakalipachika kwa kiumbe anayekata roho mbele yao. Niliwaambia. Niliwaeleza kama nilivyoelezwa, kangozi ka juu, makombo, pampu, yote. Mwenyekiti akanicheka kwa upendo, ule upendo unaokufanya utake kupiga ukuta.

"Wewe na hii masomo yako. Samaki ikose hewa aje na haina hata pua?"

"Mami, wache," mama akasema kutoka kitini. "Wanatupenda." Nikawaacha. Wakiondoka nilikuwa natoa kitambaa, nachomeka pampu, nachota mandazi, na baada ya muda samaki wanashuka. Nikawa nafanya hivyo kila Jumamosi jioni nikitukana peke yangu.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa ya mwezi wa saba, manyunyu tangu asubuhi, na ule upepo wa kutoka Menengai unaopita mfupani. Walikuja kumi na wawili. Niliwaambia mlangoni mambo mawili tu: dirisha lisifungwe, na jiko lisiingie ndani. Jiko nilikuwa nimeliwasha kwenye baraza kwa ajili ya chai, kwa sababu gesi iliniishia siku hiyo hiyo. Mwenyekiti akaitika, "Sawa, sawa," akinipita na mkoba wake.

Nilikuwa nimeshapata maji ya moto. Nikaenda jikoni nyuma kumimina chai na kupanga vikombe. Nilisikia nyimbo mbili. Niliporudi na trei mkononi, dirisha lilikuwa limefungwa, pazia limevutwa, mlango umerudishwa, na jiko langu liko ndani, jekundu, karibu na miguu ya mama. Wamemfunga na blanketi mbili juu.

"Alikuwa anatetemeka," mmoja akaninong'oneza. "Tukaogopa nimonia."

Nimonia! Watu wetu hawaogopi moshi, hawaogopi makaa, hawaogopi dereva mlevi. Wanaogopa upepo. Mtu atasafiri na watu wamebanana, na dirisha likifunguliwa kidole kimoja, mama mzima atapiga kelele kwamba mtoto ataingiwa na baridi.

Nilitaka kulibeba jiko palepale. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuomba, mkono wake juu ya kichwa cha mama, wote wamefumba macho, na mtu hapiti katikati ya maombi akiwa amebeba jiko. Nililelewa hivyo. Mimi mwenye hasira zote hizi, nikaheshimu. Nikaweka trei chini polepole nikajiambia nitalitoa wakifika amina.

Sasa maombi ya yule mama yana safari. Yanaanza na serikali, yanateremka kwa mahindi ya Njoro, yanapita kwa madereva wa malori wanaolala Salgaa walindwe na ajali, yanapanda kwa wajane, na ndipo yanafika kwa mgonjwa ambaye ndiye aliyewaleta. Mimi sikufumba macho. Nilikuwa naangalia jiko. Kisha nikaangalia tangi. Kitambaa kiko juu. Samaki wote saba wamepanda, midomo inapiga, wawili wamelalia ubavu kidogo. Waya wa pampu uko sakafuni. Na kwenye soketi ipo simu ya mwenyekiti, inameta, imejaa hadi pomoni.

Damu ilinipanda. Nikapita katikati yao. Nisikilize vizuri hapo, kwa sababu ndipo penyewe: kwa jiko nilishindwa kupita, kwa samaki nilipita.

Nikang'oa ile simu nikaitupa kwenye kochi. Nikavuta kitambaa. Nikachomeka pampu. Maombi yakakatika mahali pa madereva.

"Ala! Wewe msichana!" mwenyekiti akasema. "Tuko mbele za Mungu!"

"Na hawa wako mbele ya nani? Nimesema mara ngapi? Mara ngapi?"

"Ni samaki!"

"Ni samaki wa mama yangu!"

"Samaki ziko sawa, zinaomba. Hata hizo zinakushinda kuomba." Wawili watatu wakacheka kidogo, kicheko cha kanisani. Kisha akaonyesha kwa kidevu. "Angalia mama yako. Tunagombana na yeye anaomba. Anakuombea wewe hiyo hasira."

Nikamwangalia mama. Midomo yake ilikuwa inafunguka na kufunga, bila sauti. Macho alikuwa ameyaelekeza kwangu. Mkono mmoja ulikuwa umetoka kidogo kwenye blanketi, umeinuka hivi. Na mimi, mimi niliyesimamishwa nyuma ya soko nikafundishwa, niliyekuwa nimeshika ule waya mkononi mwangu wakati huo huo, niliona mtu anayeomba. Nikajiambia, haya, kumekucha, ananiombea tena mbele za watu. Nikazidi kuudhika.

"Hata wewe, mama," nikamwambia. Nikamgeuzia mgongo.

Nikachukua kikombe kwenye trei nikaanza kuchota. Nachota maji, nayamwaga kutoka juu, nachota, namwaga. Maji yananirukia usoni na sijali. Nyuma yangu mwenyekiti akasema tuendelee, shetani asitushinde, wakaendelea. Sijui nilichota vikombe vingapi. Nakumbuka tu kwamba mmoja alishuka, yule mweupe mwenye doa jeusi, halafu wa pili, halafu wote wakaanza kuteremka mmoja mmoja kama watu wanaotoka ibadani. Nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi. Nikageuka nimwonyeshe.

"Mama, ona, wameshu—"

Mdomo wake ulikuwa bado unafunguka na kufunga. Kucha za ule mkono ulioinuka zilikuwa za rangi ya zambarau.

Sikusikia mtu akisema amina. Nilibeba lile jiko kwa mikono mitupu nikalitupa nje, na alama ya ukingo wake ninayo kiganjani hadi leo. Dirisha nililifungua kwa teke, komeo likang'oka. Nikawafukuza. Nilitumia maneno ambayo mama hajawahi kunisikia nikitumia, na ningeyatumia tena. Tokeni! Tokeni wote, mnakula hewa yake! Jirani wa Kisumu alisikia kelele, akaja na funguo za gari mkononi bila kuuliza. Tukamkalisha mama wima kiti cha nyuma, mimi upande mmoja, na upande wa pili, nilipoangalia, alikuwa mwenyekiti, amemshika miguu, analia kwa sauti. Sikujua ameingia saa ngapi. Sikuwa na nguvu ya kumtoa.

Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akauliza kulikuwa na moto chumbani? Nikasema ndiyo. Akauliza dirisha? Nikasema lilifungwa. Akatikisa kichwa, akaandika.

Pale koridoni mwenyekiti alinifuata. "Mwanangu, mimi nilikuwa namwombea," akasema.

"Ndiyo hiyo shida," nikamwambia. "Ulifumba macho."

Aliinamisha kichwa na nikaondoka nikijiona nimeshinda. Siku zote mama alizolala pale nililishwa na hilo neno. Nilikuwa nalirudia nikipanda ngazi: ulifumba macho, ulifumba macho. Watu waliokuja na chupa za uji niliwarudisha getini. Dada zangu walinipigia simu kuniambia nimezidi, nikawakatia. Nilikuwa na haki, na haki ni tamu wakati mtu wako yuko kitandani, maana inakupa la kufanya.

Mama alirudi nyumbani baada ya siku tisa, amepungua, sauti imekuwa uzi. Nikamkalisha kwenye kiti chake. Nilikuwa nimefunga komeo jipya, lakini dirisha nimeliacha wazi. Ekstensheni nimenunua nyingine, yenye matundu sita. Kitambaa nilikichoma, na hilo sikumwambia.

Akaangalia tangi muda mrefu. Alikuwa anawahesabu.

"Wote wako?"

"Wote saba. Hakufa hata mmoja."

"Uliwahi," akasema.

"Niliwahi."

Akapumzika kwanza. Siku hizi akisema neno anapumzika, ndipo anasema lingine. Barabarani mtu alikuwa anauza mboga, anaita. Mama akamsikiliza mpaka akapita.

"Mami."

"Naam, mama."

"Siku ile sikuwa naomba."

Nikamwambia najua. Nikamwambia wale kina mama wako wajinga, wamefumba macho, hawaoni mtu akifa mbele yao, na nikaanza kupandwa na hasira, nikaanza kuwataja mmoja mmoja. Akainua ule mkono, kidogo tu, hivyo hivyo kama alivyouinua siku ile.

"Nilikuwa nakuita," akasema. "Niliita Mami, Mami. Sauti haikutoka." Akapumzika. "Wao walikuwa wamefumba macho. Wewe uliniangalia. Ukanigeuzia mgongo ukaenda kwa samaki."

Hakusema kwa hasira. Nikainuka, nikaenda kufungua dirisha, nikalikuta liko wazi.